Atlanta imekopa, mashabiki wamewekwa wadhamini

Jumamosi ya Aprili 26, mwaka 2025, nilikuwa kwa kinyozi pale Clarkston, mji mdogo ulio mashariki ya Atlanta, ambako familia nyingi za wakimbizi kutoka Kongo zimehamia na Kiswahili unakisikia dukani, kanisani na kwenye kituo cha basi. Vijana sita walikuwa wanasubiri kunyolewa. Wote sita walikuwa wanashangilia deni.

Wao hawakuliita deni. Walisema timu yao ya mpira wa Kimarekani, Atlanta Falcons, hatimaye imepata uthubutu. Alhamisi usiku, kwenye drafti, Falcons walimchukua Jalon Walker wa Chuo Kikuu cha Georgia katika nafasi ya 15, na hapo nami nilipiga makofi. Kilichobaki kilikuwa kukaa kimya na kungoja raundi ya pili. Hawakungoja. Walielewana na Los Angeles Rams, wakachukua nafasi ya 26 pamoja na ya 101, wakamtaja James Pearce Jr. wa Tennessee. Walichotoa ni nafasi ya 46, nafasi ya 242, na zamu yao yote ya raundi ya kwanza ya mwaka 2026.

Niseme mapema: ulikuwa uamuzi mbaya, na utabaki kuwa mbaya hata Pearce akija kuwa mchezaji hodari.

Msomaji aliyezoea usajili wa Simba na Yanga anahitaji maelezo kidogo. Drafti ninayoizungumzia haina uhusiano na ile ya vizibo vya soda kibarazani. Ligi ya mpira huo, NFL, ina timu 32, na vijana wanaomaliza vyuo hawaendi kwa mwenye fedha nyingi. Kila Aprili timu zinakaa kwenye foleni ya raundi saba: iliyofanya vibaya msimu uliopita inachagua mwanzo, bingwa anachagua mwisho. Kijana akishatajwa, mshahara wake unafuata nafasi aliyochaguliwa, na timu inamtumia miaka minne kwa bei ambayo nyota wa soko huria hawezi kuikubali. Kwa hiyo zamu ya kuchagua ni mali. Inauzwa, inanunuliwa, inawekwa rehani. Timu isiyokuwa na zamu ni kama mkulima aliyeuza mbegu, na raundi ya kwanza ndiyo mbegu bora ghalani.

Wanaoutetea uamuzi huu wana hoja, nami nitazitaja. Ya kwanza ni njaa, na njaa hiyo ilikuwa ya kweli. Kazi ya kumkimbilia kwotabeki wa upande wa pili na kumwangusha kabla hajarusha mpira, Atlanta ilikuwa imeshindwa kuifanya kwa miaka. Mwaka 2021 waliwaangusha makwotabeki mara 18 tu msimu mzima, idadi ya chini kuliko timu zote. Mwaka 2024 ilikuwa mara 31, wakawa wa pili kutoka mkiani. Tangu Vic Beasley alipofikisha 15.5 mwaka 2016 hadi mwisho wa msimu wa 2024, hakuna mchezaji wao aliyekuwa amegusa hata 10. Pearce aliangusha mara 17.5 katika misimu yake miwili ya mwisho chuoni. Sawa.

Ya pili ni mfano wa Rams wenyewe, ambao waligawa zamu zao za kwanza miaka kadhaa na bado wakatwaa Super Bowl, ubingwa wa ligi, mwaka 2022. Wanaousema mfano huu wanasahau kwamba zamu mbili kati ya hizo zilimleta Matthew Stafford, kwotabeki aliyekuwa amecheza ligi hiyo miaka 12. Walijua wanachonunua. Na wanasahau pia kwamba safari hii Rams ndio waliokuwa wanapokea.

Ya tatu ni Julio Jones. Mwaka 2011 Falcons walitoa zamu tano, mbili zikiwa za raundi ya kwanza, ili kupanda kutoka nafasi ya 27 hadi ya 6 na kumchukua. Akawa mmoja wa wapokeaji bora wa kizazi chake, na Cleveland waliopokea zamu zile wakazipoteza ovyo. Nakubali yote. Lakini upumbavu wa jirani hauibadilishi bei uliyolipa. Na kabati la vikombe pale Atlanta bado halina hata Super Bowl moja tangu timu ianze kucheza mwaka 1966.

Hoja hizo zote tatu zinaegemea ukuta mmoja: kwamba kuna mtu anayejua. Kwamba meneja mkuu, baada ya kutazama mikanda na kumpima kijana mbio, anaweza kusema huyu wa 26 anawazidi wale watakaopatikana 46, na anawazidi kiasi cha kulipia mwaka mzima ujao. Cade Massey na Richard Thaler, huyu wa pili ndiye aliyepata Nobel ya uchumi mwaka 2017, walilichunguza jambo hilo. Walichukua wachezaji wa nafasi moja uwanjani waliochaguliwa wakifuatana, wakauliza ni mara ngapi yule aliyetajwa mbele alikuja kuanza mechi nyingi zaidi. Jibu lilikuwa mara 52 katika 100. Ukirusha sarafu unapata 50. Hao ni wataalamu wanaolipwa mamilioni, wenye maskauti nchi nzima, na faida yao juu ya sarafu ni mbili.

Kama hakuna anayejua, mwenye bahati ni yule mwenye zamu nyingi. Vijana wa Clarkston nilipowaambia hivyo walinijibu kwamba zamu nyingi zinaweza zote kuwa bure. Ni kweli. Ndiyo maana huwezi kubaki na chache.

Hata hivyo, suala la kujua na kutojua lisingenitoa jasho. Kila timu inakosea kuchagua. Kinachoniudhi ni tarehe ya malipo.

Tanzania tunayo mikopo inayoitwa kausha damu. Anayekuja kukopeshwa ana shida ya leo, ya kweli kabisa: ada, hospitali, mtaji ulioliwa. Fedha anapewa papo hapo. Masharti hayamuumizi siku ya kusaini. Yanamuumiza baadaye, na mara nyingi hayamuumizi yeye bali mdhamini aliyeweka jina lake kwa moyo mwema. Mkopaji anaweza kuhama mtaa. Mdhamini ana nyumba pale.

Zamu ya raundi ya kwanza ya mwakani ni mkopo wa aina hiyo, na wanaosaini si wanaolipa. Terry Fontenot, meneja mkuu wakati huo, aliajiriwa Januari 2021. Kufikia drafti ile alikuwa amekaa misimu minne, na yote minne timu ilimaliza ikiwa imefungwa mara nyingi kuliko kushinda. Ukiunganisha na ile aliyoikuta, ilikuwa misimu saba mfululizo, tangu 2018, bila kuingia hatua ya mtoano. Raheem Morris, kocha wakati huo, alikuwa na msimu mmoja wa kushinda 8 na kupoteza 9. Watu wawili hawa walijua kwamba wakishindwa tena hawangekuwepo Aprili 2026. Kwao zamu ya mwaka huo haikuwa na thamani yoyote. Wakifukuzwa, angeitumia mwingine. Wakishinda, ingekuwa imeangukia huko nyuma ya foleni na hakuna ambaye angeililia. Mtu wa namna hiyo ukimpa kalamu, atauza.

Hili si jambo la kubahatisha, kwa sababu majirani wawili wa Atlanta katika kundi lake la ligi, NFC Kusini, wamelipitia. Mwaka 1999 kocha Mike Ditka wa New Orleans Saints alitoa zamu zote za timu yake za mwaka ule, pamoja na ya kwanza na ya tatu ya mwaka 2000, ili kumpata mtu mmoja, Ricky Williams. Saints walishinda mechi 3, wakapoteza 13. Ditka alifukuzwa. Ile zamu ya mwaka 2000 ikageuka nafasi ya pili katika ligi nzima, nayo Washington wakaitumia kumchukua LaVar Arrington. Ditka hakuwepo kulipa.

Mwaka 2023 Carolina Panthers waliwapa Chicago zamu mbili za raundi ya kwanza, mbili za raundi ya pili na mpokeaji wao bora, DJ Moore, ili kumchagua Bryce Young namba moja. Kocha Frank Reich alifukuzwa Novemba, baada ya mechi 11. Meneja mkuu Scott Fitterer akafuata Januari. Timu ilimaliza na ushindi wa mechi 2 na vipigo 15, na zamu waliyoiuza ikawa namba moja ya mwaka 2024. Chicago wakamchukua Caleb Williams. Waliosaini mkopo walikuwa wameshaondoka mjini. Waliobaki viwanjani Charlotte, wakiwa wamevaa fulana walizonunua kwa jasho lao, ndio walioitazama zamu yao ikitajwa kwa jina la timu nyingine.

Nasikia mtu akisema Atlanta si Carolina, kwamba hii ni mara moja tu. Hapo ndipo subira yangu inapoisha. Mara moja? Kwa nini Falcons walihitaji nafasi ya 101 kutoka kwa Rams? Kwa sababu zamu yao wenyewe ya raundi ya tatu ya 2025 walishaitoa Agosti 2024 kwa New England ili kumpata Matthew Judon, ambaye naye aliletwa kuwaangusha makwotabeki. Aliangusha 5.5, mkataba ukaisha. Zamu ya raundi ya tano? Ligi iliwanyang'anya kwa kukiuka taratibu walipomfuata Kirk Cousins, kwotabeki waliyempa mkataba wa dola milioni 180 Machi 2024, na mwezi uliofuata wakatumia nafasi ya 8 kumchukua kwotabeki mwingine, Michael Penix Jr. Kabla ya Desemba kuisha Cousins alikuwa benchi. Timu ilifika Aprili 2025 na mfuko uliotoboka, ikakopa kwa mmoja ili izibe tundu lililoachwa na mkopo wa kwanza, na mwishoni mwa siku tatu za drafti yenye raundi saba ikarudi nyumbani na vijana watano.

Watano! Na mtu anaita hiyo uthubutu.

Uthubutu ungekuwa meneja kusimama mbele ya mwenye timu, Arthur Blank, na kusema: nafasi ya 46 tunabaki nayo, tutamtafuta mwangushaji mwingine hapo, na mwakani tutakuwa na zamu ya kwanza hata kama si mimi nitakayeitumia. Maneno hayo yanaweza kumgharimu mtu kazi. Na Blank, aliyeinunua timu mwaka 2002 na hana wa kumfukuza, ndiye aliyepaswa kuwakumbusha watumishi wake kwamba mali ya mwakani si yao. Huyo ndiye ninayemlaumu kuliko Fontenot. Mwenye nyumba haachi mpangaji anayekaribia kuhama aweke hati rehani.

Pearce hana kosa lolote katika hili. Alikuwa na miaka 21, akaitwa jina lake, akaja kufanya kazi. Niliazimia kuwepo kumshangilia akimwangusha kwotabeki wa kwanza, nikitumaini ataangusha wengi. Lakini hesabu yake imeandikwa kabla hajavaa jezi: akiwa mzuri tu, hatatosha, kwa sababu bei iliyolipwa inamtaka awe bora kuliko wachezaji wawili. Huo ni mzigo aliotwishwa na watu wazima waliokuwa na haraka.

Mmoja wa vijana wale sita, ambaye sasa alikuwa ananyolewa, mzaliwa wa Uvira, Kongo, aliyekulia hapahapa Georgia, aliniuliza sasa mimi nilitaka nini, tukae tu kila mwaka tukingoja? Nilimwambia ndiyo. Akacheka, wenzake wakacheka, kinyozi akazima mashine ili naye acheke vizuri. Alikuwa na miaka kumi na tisa na timu yake ilikuwa imecheza mtoano mara ya mwisho akiwa mtoto wa shule ya msingi. Alinionyesha simu: alikuwa ameshaagiza jezi ya Pearce.

Drafti ya 2026 ilipangwa kufanyika Pittsburgh. Aliniambia atachukua likizo wiki hiyo, aitazame yote tangu zamu ya kwanza. Nilimkumbusha kwamba usiku wa raundi ya kwanza, zamu ya Atlanta itakapofika, watakaoongea ni Rams. Alinyamaza kidogo, halafu akamwambia kinyozi apunguze zaidi pembeni.