GARI LA SHAMBANI LISITOKE BILA KARATASI



Matajiri wengine hununua gari la magurudumu matatu la kazi za shambani, kisha humwamuru dereva alitoe barabara kuu. Kulifunga taa na honi hakutoshi. Sheria ya Trafiki, Sura 403, yataka gari liandikishwe na liwe na namba. Sura 405 yataka bima kwa ajili ya watu watakaoumizwa. Mwandikishaji ni NTSA, iliyoundwa kwa sheria ya 2012.

Gharama hizo ni za tajiri. Lakini barabarani wa kwanza kushikwa ni dereva. Basi ulizeni karatasi kabla ya kuwasha injini. Zikikosekana, gari libaki shambani, na katibu wa tawi apewe habari siku hiyo hiyo. Mmoja akikataa hufukuzwa, tukatae sote.