MHASIBU ANAKUJA: TUSIANDIKE DAFTARI JIPYA

Ndugu Wanachama,

Wiki ijayo chama chetu cha ushirika kitakutana na mhasibu kwa mara ya kwanza. Tangu habari hii itoke, maneno yamekuwa mengi kilabuni na kisimani. Wapo wanaosema anakuja kufunga watu. Wapo wanaoshauri tununue daftari jipya, tukeshe tukinakili kila kitu kwa mwandiko mzuri, na pasipo na risiti tutafute risiti. Sisi tunasema hapana. Daftari la namna hiyo ni uongo, hata kama nia ni njema.

Kwanza tuelewane. Mhasibu si polisi, wala si mkaguzi. Mhasibu tunamlipa wenyewe atusaidie kupanga hesabu. Mkaguzi huja baadaye kupima kama hesabu hizo ni za kweli. Ukimwambia mganga unaumwa kichwa kumbe ni tumbo, dawa utapewa, lakini ya kichwa. Ndivyo itakavyokuwa tukimficha mhasibu.

Wazee wetu wanakumbuka. Mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa. Viliporudishwa kwa sheria ya mwaka 1982, mwaka huo huo likaundwa na shirika la kuvikagua, yaani COASCO. Ushirika ulirudi ukiwa na mkaguzi wake. Hilo peke yake ni fundisho.

Basi tujiandae hivi:

1. Madaftari yote ya fedha yaletwe, hata lile lililoliwa na mchwa.

2. Risiti na hati za malipo zipangwe mwezi kwa mwezi, kila mwezi bahasha yake. Zabibu hapa Dodoma tunavuna mara mbili kwa mwaka. Fedha huingia kwa mkupuo, lakini hutoka kila wiki. Zikichanganywa gunia moja, nani atajua msimu upi ulitupa faida?

3. Taarifa ya benki ichukuliwe mapema.

4. Iandikwe orodha ya wanachama na hisa zao, tunaowadai na wanaotudai.

5. Vitu vya chama vihesabiwe: mizani, makreti, pampu za dawa.

6. Fedha zilizotoka bila risiti ziandikwe karatasi ya peke yake: tarehe, kiasi, nani alichukua, kwa kazi gani. Na sisi viongozi tukiri hapa hapa ukutani: msimu uliopita tulilipa gari la kubebea zabibu bila kudai risiti. Tutaandika hivyo hivyo ilivyokuwa. Aibu ya siku moja ni afadhali kuliko chama kufa.

Tena tusiende kumsikiliza tu kama tuko mahubirini. Tumwulize: Je, umesajiliwa na Bodi ya Wahasibu, NBAA? Malipo yako ni kiasi gani, na kwa kazi ipi? Utamaliza lini? Utakuja kwenye mkutano mkuu kutusomea hesabu kwa Kiswahili chepesi?

Wengi wetu herufi tulizijulia darasa la watu wazima, tukiwa tayari na wajukuu. Mwalimu alitufundisha kunyoosha mkono. Sasa jamani, mbona mbele ya mwenye kalamu tunaitikia tu "ndiyo, ndiyo"? Akitaja neno tusilolielewa, tumsimamishe. Mwenye haya ya kuuliza ndiye anayepunjwa kwenye mizani.

Kwa hiyo tunaomba kila mwenye risiti, hati au deni la chama nyumbani kwake alete ofisini kabla ya Jumamosi saa 4 asubuhi. Asiulizwe kwa ukali aliiweka wapi siku zote. Aandikwe, ashukuriwe.

Mali bila daftari huisha bila habari. Na daftari la uongo je? Hilo humaliza mali na undugu pia.

Katibu wa Chama, Tawi
Msalato