UKURASA WA VIJANA: Kasi na Velositi

Vijana wetu wengi wanaosoma shuleni hulikariri somo hili kwa ulimi tu: kasi ni umbali uliogawanywa kwa wakati, na velositi ni kasi pamoja na uelekeo wake. Maneno hayo ni sahihi. Lakini ukimwuliza kijana uelekeo huo una faida gani, aghlabu hunyamaza. Twapenda tumjibu kwa mfano wa bahari yetu.

Mkondo mkubwa wa pwani ya Tanzania huenda kaskazini mwaka mzima, nao hushika nguvu zaidi wakati wa kusi. Basi na tuseme mashua ya mashine yatoka Unguja kwenda bara, maili 20 za baharini, magharibi barabara. Kasi yake katika maji ni maili 4 kwa saa, na mkondo waisukuma kaskazini maili 3 kwa saa. (Maji kujaa na kupwa tuyaache kando leo, maana nayo yana hesabu yake.)

Je, mashua yaenda maili 7 kwa saa? La. Velositi hazijumlishwi kama shilingi. Ingekuwa 7 kama mkondo ungeifuata nyuma, na ingekuwa 1 kama ungeikabili. Lakini hapa mkondo waikata ubavuni, kwa hiyo huchorwa pembetatu yenye pembe mraba, na upande wake mrefu ni 5. Mashine ni ile ile, haikuongezwa wala haikupunguzwa, na majibu ni matatu.

Nahodha akiielekeza omo magharibi tu, baada ya mwendo wa saa 5 ataiona pwani, lakini atakuwa maili 15 kaskazini ya alikokusudia, yaani karibu kilomita 28. Nahodha mjuzi huielekeza omo kusini ya magharibi, hata maili 3 za mkondo zifutike. Naam, atafika penyewe. Ila sehemu ya nguvu yake imetumika kupigana na maji, na kinachobaki cha kwenda magharibi ni maili 2.6 hivi kwa saa. Safari ya saa 5 yawa ya saa 7 na nusu.

Hapo ndipo penye hatari. Aliyeitazama kasi peke yake akapakia mafuta ya saa 6, akidhani amejiwekea akiba, yatamwishia angali maili 4 kabla ya pwani. Tangu hapo velositi yake itakuwa ile ya mkondo: maili 3 kwa saa, kaskazini.