Presha ya Turbo, Presha ya Nyumbani

Kama mumeo au mchumba wako siku hizi anazungumzia "busti" usiku badala ya kukuuliza umeshindaje, ukurasa huu ni wako. Na weye kaka unayezungumzia, usifunue mbele.

Pemba ugonjwa huu una msimu wake. Karafuu zikishauzwa na pesa ikaingia, utawaona washikaji wamejazana gereji za Chake, boneti ziko juu, Subaru na Mark II za turbo zimepangwa kama ng'ombe mnadani. Hoja haibadiliki: gari hizi zimebanwa Japani, nguvu imo ndani, ni kuifungulia tu. Kuna ukweli kidogo. Kuanzia 1989 hadi 2004 watengenezaji wa Japani walikuwa na makubaliano ya kutotangaza gari yenye zaidi ya nguvu za farasi 280, na zipo zilizokuwa zikizidi kimyakimya. Lakini kiwanda kuacha akiba kwenye injini si ruhusa ya kuitumia yote.

Kazi yenyewe ni rahisi mno, na hapo ndipo hatari ilipo. Moshi wa ekzosi unazungusha turbo, turbo inasukuma hewa ndani ya injini, na presha ikifika kiwango chake kuna kimlango kinafunguka kupitisha moshi pembeni. Fundi anachomeka kivalvu kidogo kwenye mpira unaokipa kimlango taarifa. Kimlango kinadanganyika, kinachelewa kufunguka, presha inapanda. Nusu saa, hata soda haijaisha.

Mie nilipoileta habari hii nyumbani, mke wangu, ambaye ni mwalimu wa fizikia, wala hakuuliza bei. Aliuliza: "Baba watoto, hewa ikiongezeka hivyo, petroli ya kuifuata inatoka wapi?"

Jamani, swali zima ndilo hilo. Injini ya petroli ikienda taratibu inataka hewa kama 14.7 kwa petroli 1, kwa uzito. Ukiikanyaga turbo ikajaa, mafundi wengi wanataka 11 hadi 12 kwa 1, kwa sababu petroli ya ziada inapoza. Sasa kivalvu kinaongeza hewa peke yake. Pampu ikiwa imechoka au injekta imeziba, mafuta hayafiki, joto linapanda, na mchanganyiko unalipuka ovyo nje ya wakati wake. Injini inagonga kama misumari inayotikiswa ndani ya kopo. Sekunde chache zinatosha kupasua pistoni, na hapo friji mliyoipangia pesa inageuka injini ya mtumba.

Halafu mafuta yenyewe. Petroli ya daraja la juu ya Japani, ambayo nyingi ya gari hizi zilipangiwa, okteni yake inafika 100. Ya vituo vyetu iko chini ya hapo. Maana yake ile akiba mnayosifiwa gereji imeshaliwa kiasi kabla hujagusa kitu.

Kwa hiyo pesa ya mwanzo isiende kwenye presha. Pima kwanza komprisheni ya kila silinda. Zikipishana sana, gari hiyo inataka oveholi, haitaki busti. Oili mpya, mipira isiyovuja, plagi za kustahimili joto zaidi, geji ya presha na ile ya kusoma mchanganyiko wa hewa na mafuta. Pampu kubwa ikibidi. Mwisho kabisa ndo anakuja fundi mwenye laptopu, anayepanga upya kompyuta ya injini: anapandisha kidogo, bar 0.1 hivi, anasoma, anapandisha tena, na injini ikionyesha dalili ya kugonga anarudi nyuma. Anayesikiliza kwa sikio tu, mlipe soda yake uondoke.

Daino ya kupimia mie sijaiona Pemba, ndo maana watu wanapimia barabarani, Chake hadi Wete, karafuu zimeanikwa kando na watoto wanatoka chuoni. Hilo siliungi mkono hata kidogo. Bora gari ipande meli iende Dar, na nauli yake iingie kwenye hesabu tangu mwanzo. Hesabu hiyo muiandike wawili, karatasi moja, pamoja na oili itakayobadilishwa mapema kuliko zamani. Kwetu karatasi ilipojaa, tulikubaliana geji na kipimo cha komprisheni mwaka huu. Kivalvu, hapana.

Na kila anayeshika usukani ajue kusoma hizo geji, si yule mpenda mbio peke yake. Mke wangu sasa ananizidi. Juzi tunapanda kilima, akatupia jicho sindano, akasema tu, "Ondoa mguu." Nikaondoa.