Kidonda Kisichopona Kina Sababu

Je, una kidonda mguuni ambacho kimekataa kupona? Wengi hubadilisha dawa kila wiki: leo spiriti, kesho unga wa kapsuli. Spiriti huunguza nyama changa inayoota, na unga huo haufikii chanzo cha ugonjwa.

Kidonda kilicho juu ya kifundo, upande wa ndani, mara nyingi hutokana na mishipa iliyoshindwa kurudisha damu moyoni. Mguu huvimba jioni na ngozi huwa nyeusi. Tiba yake ni bendeji ya kubana, na kuinua mguu unapopumzika. Lakini usijifunge mwenyewe. Sharti daktari ahakikishe kwanza kwamba damu inashuka mguuni vizuri.

Kidonda cha wayo au kidole, hasa kisichouma, huenda kikawa ni dalili ya kisukari. Sukari nyingi huharibu mishipa ya fahamu, hata mtu akakanyaga msumari asihisi. Kwa kuwa hakiumi, hupuuzwa mpaka nyama inaoza na mguu unakatwa. Ilhali sukari hupimwa kwa tone moja la damu.

Nyumbani, osha kidonda kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, kisha ukifunike kwa kitambaa safi. Mwenye kisukari asitembee miguu mitupu, na achunguze nyayo zake kila jioni. Asiyeona vyema aangaliwe na mtoto.

Majuma manne yakipita bila nafuu, nenda hospitali. Mwenye kisukari, au aliye na homa na usaha, aende leo.