Ukuta Upi Upewe Heshima ya Rangi?

Katika ukanda huu wa madini, tangu Songwa mkoani Shinyanga, iliyo jirani na Mwadui, ambako John Williamson aligundua almasi mwaka 1940, hata Geita, ambako mgodi mkubwa wa dhahabu ulianza kazi mwaka 2000, nyumba za matofali na mabati zinaongezeka kila kiangazi. Na aghalabu sebule mpya ikiisha kupigwa plasta na kupakwa rangi ya maziwa, mwenye nyumba hutaka ukuta mmoja upewe rangi nzito, upambanuke na wenziwe. Fundi humwuliza ni upi, naye, bila kutafakari sana, humwonyesha ule utakaobeba televisheni. Rai yangu ni kwamba ukuta unaostahili sharafu hiyo ni ule unaomkabili mgeni avukapo kizingiti, na ambao mbele yake huketi wenyeji, maana sebule kwetu ni mahali pa maamkizi na mazungumzo kabla ya kuwa mahali pa kitu kingine chochote.

Mafundi wa Lamu wa karne ya 18 waliijua hekima hii. Hawakutapanya nakshi za chokaa sawasawa katika kila ukuta, bali waliziweka akiba zilizo bora kwa ajili ya ukuta wa ndani kabisa, wakauchonga zidaka, yaani vishubaka vya ukutani, safu juu ya safu, zikapambwa kwa sahani na mabakuli ya China, hata jicho likaongozwa moja kwa moja pale mwenye nyumba alipotaka litue. Nako Usukumani, Bayeye, yaani chama cha wacheza nyoka, walichora nyoka na watu katika kuta za ndani za nyumba zao, michoro iwe mafunzo kwa wanaoingia chamani. Michoro hiyo mtafiti Hans Cory aliitungia kitabu mwaka 1953. Nyumba ya msonge haina pembe, kwa hiyo haikumlazimu mtu kuchagua. Sisi tuliohamia vyumba vya pembe nne ndio tuliojitwika wajibu wa kuchagua.

Televisheni haihitaji rangi nyuma yake, kwani ikizimwa huwa doa jeusi, na ikiwashwa hapana autazamaye ukuta. Ilhali uso wa mzee wa nyumba, au wa mama anayempokea mgeni, ukiwa mbele ya rangi tulivu kama ya udongo mwekundu, huonekana vema na kupata haiba.

Hata hivyo kanuni hii ina masharti mawili. La kwanza ni mwanga. Shinyanga haifiki digrii 4 kusini mwa ikweta, na jua letu huingia dirishani kutoka mashariki asubuhi na magharibi alasiri. Kwa sababu hiyo ukuta wenye dirisha ndio mbaya kuliko wote kwa rangi nzito, maana mwangaza humpiga mtazamaji machoni na rangi inayolizunguka dirisha ikaonekana nyeusi. Ikiwa ukuta unaokabili mlango una dirisha, na uchaguliwe ule wa ubavuni ambao nuru ya dirisha hilo huuangukia.

Sharti la pili ni ardhi. Udongo mweusi wa mbuga huvimba kwa mvua na kusinyaa kwa kiangazi, na nyumba iliyo juu yake hupata nyufa, hasa zile zinazoshuka kwa mshazari kutoka pembe ya dirisha. Ukiona ufa, chora alama ya penseli katika ncha zake mbili, ungoje msimu wa mvua upite. Ufa ukizivuka alama hizo, usimruhusu fundi aufunike kwa skimu na rangi ya gharama, maana utarudi, na juu ya rangi nzito utaonekana zaidi.

Rangi yenyewe isichaguliwe dukani kwa kutazama kadi. Fundi na apake kiraka kadiri ya sinia, nawe ukitazame asubuhi, alasiri na usiku taa ikiwaka, ndipo uamue. Kwa ukuta mmoja wa sebule ya kawaida kopo la lita 4 hutosha kwa mikono miwili, kwa hiyo jambo hili haliwahusu matajiri peke yao. Aliyejenga kwa jasho la mgodini au la shamba la pamba hana budi kujiuliza kwanza mgeni wake atatazama wapi, kisha ndipo aulizie rangi.