Besi wa Naivasha amechoka na njuga zenu

Wadau, leo siasa tuiweke kando kidogo. Nataka tuzungumze samaki. Na simaanishi tilapia wa kukaanga anayekusubiri kando ya barabara ukitoka Nakuru. Namaanisha besi, yule mwenye mdomo mpana, anayewatoa vijana wa Nairobi kitandani Jumamosi alfajiri na kuwapeleka Naivasha na sanduku la chambo bandia lenye thamani ya kodi ya mwezi mzima. Jioni wanarudi na picha nzuri sana za viboko. Samaki hakuna.

Halafu wanafanya nini? Wanarudi dukani kununua chambo zaidi.

Msimamo wangu ni huu: katika ziwa lenye pilkapilka nyingi kama Naivasha, chambo chenye kelele na kung'aa kupita kiasi ndicho cha kwanza kuachwa nyumbani. Chukua kidogo, kinachofanana na chakula anachokijua samaki wa hapo, na ukivute polepole kuliko subira yako inavyotaka. Hayo mengine ni biashara ya wenye maduka.

Tuanze na samaki mwenyewe. Besi si mwenyeji wa Naivasha. Aliletwa kutoka Marekani mwishoni mwa miaka ya 1920, kwa ajili ya burudani ya walowezi waliopenda kuvua. Mwaka 1970 wakaletwa kamba wekundu wa maji baridi, wale wenye magando, ambao asili yao ni kusini mwa Marekani. Kwa hiyo mla na mliwa wote wawili ni wageni, na besi mkubwa wa Naivasha amewazoea sana kamba hao mezani kwake. Pamoja nao anakula tilapia wadogo.

Sasa ongeza binadamu. Humo humo ndani kuna wavuvi wa nyavu wanaotafuta karo ya watoto. Kuna boti za injini zinazopeleka watalii kuona furukombe na viboko. Pembeni kuna mashamba ya maua yanayovuta maji, na kuna mji unaokua kila mwaka. Kisha kuna karpi, samaki mgeni aliyeonekana ziwani mara ya kwanza mwaka 2001, ambaye kwa miaka michache tu alitawala nyavu za wavuvi. Karpi hula kwa kufukua matope chini, na maji yanazidi kuwa mazito.

Jiweke katika nafasi ya besi huyo. Tangu utotoni anasikia injini. Ameona nyavu. Ameona visamaki vya plastiki vyenye njuga tumboni vikipita juu ya kichwa chake wikendi baada ya wikendi. Wewe unakuja na njuga kubwa zaidi, unategemea akushangilie?

Kuna watakaosema samaki hana akili ya kujifunza. Haya, twende Illinois, Marekani. Katika Ziwa Ridge watafiti walihesabu kila besi aliyenaswa, wakamtia alama na kumrudisha majini. Baada ya miaka minne maji yakatolewa, wakapatikana besi zaidi ya 1,700. Kati yao, 200 hivi hawakuwa wamewahi kunaswa hata mara moja, ingawa walikuwemo humo miaka yote minne. Wakati huo huo, mwenzao mmoja alinaswa mara 16 katika mwaka mmoja! Watafiti wakazalisha makundi mawili, la wanaonaswa kwa urahisi na la wasionaswa, kwa vizazi kadhaa, na tofauti ile ikaendelea kurithiwa. Matokeo yalichapishwa mwaka 2009.

Mimi nasoma hivi: kuna samaki waliozaliwa na pupa na kuna waliozaliwa na tahadhari. Katika ziwa linalovuliwa kila siku, wa pupa ndio wanaotangulia kwenye kikaango. Wanaobaki, na hasa wanaofika umri wa kuwa wakubwa, wengi ni wale wa tahadhari. Kwa hiyo chambo kilichotengenezwa kumchokoza samaki mwenye pupa kwenye bwawa tulivu kinamtafuta samaki ambaye Naivasha ameshaliwa zamani.

Basi utumie nini? Mimi nikiruhusiwa vitu vitatu tu, nitachukua hivi.

Kwanza, kamba wa plastiki laini, urefu wa kidole, rangi ya kahawia au nyekundu iliyoiva. Ndoana ifichwe ndani ya mwili wake ili isishike magugu, na mbele uweke chubwi dogo. Mtupe kando ya mafunjo, mwache azame mpaka chini, kisha mburute kidogo na kumrusha kidogo kwa ncha ya fimbo. Simama. Hesabu hadi kumi. Kamba halisi akishtuka hukimbia kinyumenyume, halafu hutulia, na mara nyingi ni wakati wa kuzama au kutulia ndipo besi humeza. Anayezungusha gurudumu bila kupumzika anampita samaki wake mdomoni.

Pili, mnyoo mwembamba wa plastiki, wenye ndoana ndogo juu na chubwi chini kabisa ya mshipi. Huyu ni wa asubuhi, ziwa likiwa kama kioo. Unamtikisa pale pale alipo bila kumhamisha. Inachosha, nakubali. Lakini samaki mwenye tahadhari anahitaji muda wa kuamua.

Tatu, kibati kimoja kinachozunguka, chenye sketi nyeusi au ya bluu iliyokolea. Hapa najibu hoja nzito ya wapenda kelele, kwamba maji ya Naivasha yana tope, samaki haoni, na hivyo lazima umpigie hodi. Ni kweli kwa sehemu. Besi ana mstari wa hisi ubavuni unaomwezesha kutambua mtikisiko wa maji hata gizani. Ila mtikisiko wa kibati kimoja kinachovutwa polepole ni jambo moja, na njuga inayolia kama matatu ya Rongai ni jambo jingine. Cha kwanza kinamwambia kuna kitu kinaogelea. Cha pili kinamwambia wale watu wamerudi. Kibati hiki ni cha alasiri, upepo ukianza kuchafua ziwa na boti zikiwa nyingi. Na tumia rangi ya giza, kwa sababu kwenye maji mazito umbo jeusi linaonekana vizuri zaidi likitazamwa kutoka chini.

Mahali nako kuna maana kuliko chambo. Maji yalipopanda sana mwaka 2020, watu wa mtaa wa Kihoto walifurikiwa majumbani mwao, na migunga iliyokuwa nchi kavu ikafia ndani ya maji. Ni msiba kwa binadamu, lakini mti uliozama ni nyumba ya besi. Anapata kivuli, anapata mahali pa kuvizia, na boti za kasi hazithubutu kupita katikati ya vigogo. Watalii wakiwa upande mmoja, wewe nenda kwenye vigogo. Tumia mshipi imara wa kusokotwa, maana besi akiingia kwenye matawi na nailoni nyembamba umempoteza, na umemwachia ndoana mdomoni.

Kama bado unaamini ukubwa wa samaki hutokana na mbwembwe za chambo, mwaka 2009 Manabu Kurita alivua besi wa kilo 10 na ushee katika Ziwa Biwa, kubwa kuliko yote nchini Japani, akaifikia rekodi ya dunia iliyowekwa Marekani mwaka 1932. Chambo chake kilikuwa kisamaki hai, aina ambayo besi wa Biwa hula kila siku. Hakuna njuga hapo.

Sasa niseme jambo linaloniuma kweli. Pilkapilka za ziwa si kero iliyowekwa pale kukuharibia wikendi. Yule mzee mwenye nyavu yuko kazini. Nimeona boti za wavuvi wa starehe zikikata kona juu ya maboya ya nyavu kana kwamba ni mapambo. Wavu ukichanika, mtu amekosa mapato ya siku nyingi. Nahodha mmoja, mzee wa makamo, aliniambia nikiwa kwenye boti yake, "Kijana wangu, nyinyi mkikosa samaki mnakula hotelini." Sikuwa na jibu, na sidhani kama wewe unalo.

Kwa hiyo mbinu ya kimya ni heshima pia. Zima injini mbali, ingia kwa kasia. Usitupe mshipi karibu na boya la mtu. Plastiki iliyochanika irudi nyumbani mfukoni. Kata leseni kabla ya kwenda, gharama yake haifiki hata ya nusu ya sanduku lako. Na usiingie majini kwa miguu kutafuta chambo kilichonasa. Kiboko hajali kama kilitoka dukani au ulikitengeneza mwenyewe.

Kuhusu kumrudisha samaki majini, najua mtanipinga, kwa kuwa besi ni mgeni. Kule Biwa, mkoa wa Shiga ulipiga marufuku kuwarudisha tangu mwaka 2003, ili kuwalinda samaki wenyeji. Naivasha ni tofauti, kwa sababu karibu samaki wote wanaovuliwa hapo kwa biashara waliletwa na watu. Ukimhitaji kwa chakula, mle. Ukivua kwa ajili ya picha tu, bana kile kijino cha ndoana kabla ya kuvua, mtoe haraka, mrudishe. Mwenye nyavu atampata kesho, na thamani yake kwa mzee huyo ni kubwa kuliko picha yako.

Kabla ya safari yako ijayo, fungua hilo sanduku na utikise kila kilichomo. Kinacholia, kiache mezani. Halafu uje hapa utuambie ulipata nini.

Haya, nawasilisha. Wapenda njuga, uwanja ni wenu.